Kupanga siku nzima ya redio ya maneno: vipindi gani, vya urefu gani, na mitambo ifanyweje?

MawimbiTanga

Wakuu, heshima kwenu. Nauliza kwa niaba ya redio ya jamii, mwambao wa kaskazini wa Tanzania. Wasikilizaji ni wavuvi, kina mama wa mwani, wakulima wa minazi na muhogo, wafanyabiashara wa sokoni na wanafunzi. Hadi sasa tunapiga muziki mchana kutwa, na habari katikati. Bodi imeamua kuanzia robo ijayo tuwe redio ya maneno, saa 12 asubuhi hadi saa 4 usiku. Waajiriwa ni saba, wa kujitolea wanne. Kuna studio moja ya hewani na chumba kidogo cha kurekodia.

Rasimu ya kwanza ya ratiba imejaa vipindi vya saa moja moja: watangazaji wawili wanazungumza, simu zinapigwa, basi. Hata kwenye karatasi inachosha. Tuchanganye vipi? Marudio mangapi yanavumilika? Na kwenye mitambo, kuna cha kubadilisha tukiacha muziki?

Mhariri wa Zamu

Ndugu, kabla ya majina ya vipindi, pigeni hesabu ya watu. Siku yenu ni saa 16. Kwa kupangia, saa moja ya mazungumzo mubashara yenye mgeni inakula saa mbili hadi tatu za maandalizi: kumtafuta mgeni, kusoma, kuandika utangulizi, kupanga maswali na kupata mgeni wa akiba. Makala ya nusu saa iliyorekodiwa nje na kuhaririwa kwa uangalifu inakula siku mbili hadi tatu za mtu mmoja. Ukishajua hivyo utaona kwa nini rasimu yenu imetoka ilivyotoka. Watu saba wakilazimishwa kujaza saa 16 mpya kila siku hukimbilia kitu pekee kisichohitaji maandalizi, yaani soga.

Mgawanyo unaobebeka ni huu: saa 5 za mubashara, saa 2 za vipindi vipya vilivyorekodiwa, saa 6 za marudio, saa 1 na nusu za idhaa ya nje mnayoiunganisha kwa mkataba, na saa 1 na nusu za vitu vifupi vilivyotawanywa, yaani habari, bahari, bei za soko na matangazo ya vifo. Watu wawili washike mubashara, wawili makala, wawili habari, mmoja mitambo. Makala mpya ziwe tatu kwa wiki, zisizidi. Wa kujitolea wasome hadithi, waendeshe kipindi cha watoto na kusaidia wikiendi.

Msiyaonee haya marudio. BBC Radio 4, ambayo ni redio ya maneno tangu 1967, hurudia mchana tamthilia yake ya The Archers iliyotoka jioni ya jana, na kipande chenyewe ni dakika 13 hivi. Msikilizaji wa saa 1 jioni na wa saa 8 mchana ni watu wawili tofauti. Kanuni ninayoitetea ni kwamba marudio yasiangukie saa ileile. Makala ya Jumatatu saa 3 usiku irudiwe Jumatano saa 8 mchana, kisha Jumamosi asubuhi. Mkiirudisha saa 3 usiku mtawachosha walewale.

Jambo jingine la kuchukua kwa BBC ni ukubwa wa vipande: robo saa, nusu saa, dakika 45. Saa nzima ya kipindi kimoja ni ya asubuhi na ya mjadala tu. Chora saa moja namna hii: dakika 3 za habari, kipindi cha dakika 26, dakika 1 ya kutangaza kijacho, kipindi cha dakika 28, dakika 2 za matangazo na utambulisho wa kituo. Jumla 60. Kwa hiyo kipindi cha "nusu saa" hakirekodiwi dakika 30. Ni 26 kikiwa nusu ya kwanza ya saa, 28 kikiwa nusu ya pili. Mtayarishaji akileta 31, akate mwenyewe. Fundi akiachiwa kazi ya kukata hewani, huishia kukata mahali ambapo mgeni alikuwa anatoa namba ya zahanati.

Siku yenyewe:

12:00 asubuhi fungueni kwa bahari na vichwa vya habari. 12:15 hadi 2:30 kipindi cha asubuhi, mubashara, vipande vya dakika 6 hadi 8 na kila kimoja na mtu tofauti. Saa 1 kamili habari kuu, dakika 10. Saa 3 mashauri (sheria ya ardhi leo, afya kesho), yaliyorekodiwa. Saa 4 mjadala wa simu, mara moja tu kwa siku. Saa 5 hadi 7 marudio ya makala na hadithi. Saa 7 habari kuu ya mchana, bei za soko na vifo. Saa 8 hadi 10 marudio ya tamthilia na masomo ya shule. Saa 10:30 hadi 12 mubashara wa jioni: michezo, halmashauri, barabara. Baada ya Magharibi watoto robo saa, kisha idhaa ya nje. Saa 2 usiku habari kuu na bahari. Saa 3 makala mpya au tamthilia mpya. Saa 3:40 usomaji wa hadithi, dakika 15, sauti moja. Kisha vichwa vya habari, bahari tena, mfunge.

Angalia kinachofuatana na nini. Baada ya watu wengi, weka sauti moja. Baada ya studio, peleka watu nje. Vipindi viwili vya simu vikikaa bega kwa bega, cha pili hakina msikilizaji.

Bei za soko: tajeni kipimo kila mara, na kiwe kilo. Ukisema "gunia la vitunguu" mkulima hajui kama ni gunia la kawaida au lumbesa (lililojazwa kupita mdomo wake), na hiyo bei haimsaidii kubishana na dalali.

Mama Makala

Nakubaliana na Mhariri kuhusu hesabu. Naongeza upande wa sauti, maana redio ya maneno hufa kwa sauti isiyobadilika kabla ya kufa kwa mada mbaya.

Makala ya nje lazima isikike iko nje. Ukifika mahali, kabla ya mahojiano yoyote rekodi dakika moja nzima ya mahali penyewe bila mtu kusema: mashine ya kusaga, bandari ya uvuvi, darasa. Hiyo ndiyo inayofunika viungo unapokata maneno. Bila hiyo kila kata itasikika, kwa sababu mlio wa nyuma unaruka. Kipaza sauti kiwe kiganja kimoja kutoka mdomoni, pembeni kidogo, ili "p" na "b" zisipige moja kwa moja. Kipaza akishike mwandishi, asimwachie mgeni: mgeni akikishika huzungusha mkono na kukigonga. Ufukweni wakati wa kusi, sponji pekee haitoshi. Upe upepo mgongo, mwili wako uwe ukuta, au sogea nyuma ya chombo kilichopandishwa pwani. Ngurumo ya upepo ikishaingia kwenye rekodi haisafishiki.

Maandishi yapimwe kwa sauti. Wasomaji wengi wa Kiswahili huangukia maneno 100 hadi 120 kwa dakika wakisoma kwa utulivu. Habari za dakika 3 ni maneno kama 330, yaani habari tano au sita za maneno 55 hadi 60. Msomaji akipewa maneno 500 atakimbia, na mtu anayepika hatashika kitu. Namba kubwa zikadirie: "zaidi ya shilingi milioni 40" inashikika, tarakimu zote hazishikiki.

Tamthilia inawezekana hata kwenu, ila iwe moja kwa wiki. Sauti zisizidi nne kwenye onesho moja, na zisifanane. Vijana wawili wa kiume wenye sauti nyepesi watachanganywa hata majina yakitajwa kila mara. Kipaza kimoja kinatosha, waigizaji wasogee na kurudi nyuma. Umbali ndio unaoonyesha nani anaingia na nani anaondoka. Tamthilia si pambo la ratiba. Twende na Wakati ya Redio Tanzania ilianza 1993, vipande viwili kwa wiki, ikizungumzia uzazi wa mpango na UKIMWI. Dodoma iliachwa makusudi bila kuisikia hadi 1995 ili watafiti walinganishe, na waliona tofauti katika kutumia uzazi wa mpango kule iliposikika. Kilichofanya kazi ni wahusika ambao watu waliwafuata kwa miaka. Kwa hiyo msianze tamthilia ambayo hamna uhakika wa kuiendesha walau miezi sita.

Matangazo ya vifo yana kanuni zake, na hapo nawaomba msilegeze. Yasipokelewe kwa ujumbe wa simu pekee. Mpigie aliyetuma, kisha mpigie mtu wa pili asiye wa nyumba hiyo, kama mwenyekiti wa kitongoji au imamu au katekista. Tangazo moja la uongo linaumiza familia nzima na kituo hakiaminiwi tena. Linasomwa hivi: jina kamili, jina analojulikana nalo mtaani, msiba uko wapi, maziko siku gani saa ngapi wapi, kisha ndugu wanaoarifiwa na mahali walipo. Lisomwe mara mbili. Baada yake sekunde tatu za kimya, kisha utambulisho wa kituo kwa sauti ya kawaida. Jingo la furaha au tangazo la biashara lisiguse hapo hata kidogo, na hilo lipangwe kwenye kompyuta kabla, lisiachwe kwa mtangazaji kukumbuka.

Kosa moja la ratiba naliona mapema. Mkiwapa kina mama wa mwani kipindi saa 4 asubuhi, hawatakisikia. Wakati wa bamvua (siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida), maji kwetu mwambao hupwa sana katikati ya asubuhi, na hapo ndipo wanapokuwa majini kwenye kamba zao. Kipindi chao kiwe jioni, au kirudiwe jioni siku za bamvua.

Fundi Mitambo

Kwenye mitambo kuna mengi, na mengi hayana gharama.

La kwanza: zimeni stereo. Redio ya maneno haina haja nayo. FM ya stereo inahitaji mawimbi yenye nguvu zaidi sana ili isikike safi kama mono, tofauti hufikia desibeli 20 kwa mnong'ono wa nyuma. Ukizima ishara ya kHz 19 kwenye mtambo, vijiji vya pembezoni vinavyosikia "shhh" vitasikia maneno, na wati hazijaongezeka hata moja.

La pili: "s" zinazokwaruza. Kwetu, kama Ulaya, FM hupandishwa sauti za juu kwa kipimo cha mikrosekunde 50. Marekani ni 75. Kuna mahali pawili pa kuiwasha, kwenye prosesa ya sauti na kwenye mtambo. Ikiwashwa kote kuwili, au mtambo ukiwa umeachwa kwenye 75, kila "s" na "sh" inapasuka. Kwenye muziki hamkuiona, kwenye maneno itawatesa kutwa. Washa sehemu moja tu, 50.

La tatu: kompresa, yaani kifaa kinachopunguza tofauti ya sauti kubwa na ndogo. Mipangilio ya muziki inavuta kimya juu, na kati ya maneno mnasikia feni, jenereta na pikipiki za nje. Rudisha uwiano hadi 3 kwa 1, kuanza milisekunde 10, kuachia 150 hadi 200. Kata sauti za chini ya Hz 80 kwa kila kipaza. Feni ya studioni izimwe maikrofoni ikiwa wazi. Hakuna kifaa kinachoiondoa vizuri kuliko swichi yake.

Simu hewani: mwangwi wa mpigaji hutokea kwa sababu anarudishiwa sauti yake mwenyewe. Chukua AUX moja (njia ya pembeni ya kutolea sauti) ya mikisa iwe njia ya kwenda kwenye simu. Fungua AUX hiyo kwenye chaneli zote za maikrofoni, na kwenye chaneli ya simu yenyewe iwe sifuri kabisa. Iwe baada ya feda (kitelezi cha kupandisha na kushusha sauti), ili mpigaji asisikie yasiyo ya hewani. Kiwango cha mikisa ni kikubwa mno kwa tundu la maikrofoni la simu, kwa hiyo weka kipunguza cha desibeli 40 katikati, la sivyo mpigaji anasikia mkwaruzo na ninyi mnalaumu mtandao. Simu iwe ya kituo, ikae mita moja au zaidi kutoka kwenye mikisa, maana ule mlio wa "dr-dr-dr" unaingia kupitia nyaya za maikrofoni. Simu za wageni zibaki nje ya mlango.

Faili: rekodini WAV mono, kHz 48, biti 16. Saa moja ni takriban MB 346. Vilele visipite desibeli −6, na kila kipindi kilichokamilika kisawazishwe −23 LUFS (kipimo cha ukubwa wa sauti jinsi sikio linavyousikia) kabla ya kuingia kwenye ratiba. Sauti za WhatsApp zisawazishwe pia, na msizigeuze MP3 ili kuhariri kisha MP3 tena. Kila mgeuzo unakula herufi laini, na "f" na "th" ndizo zinazotangulia kupotea.

Kengele ya ukimya ilie baada ya sekunde 20 za kimya hewani. Ikilia, ianze moja kwa moja flashi yenye vipindi vya maneno visivyopitwa na wakati, walau saa sita. Msiweke muziki humo: msikilizaji atadhani amehama kituo. Na rekodini matangazo yote ya siku, MP3 ya kbps 64. Saa 16 ni kama MB 460. Diski ya TB 1 inachukua zaidi ya miaka mitano. Muda wa lazima wa kutunza rekodi umo kwenye masharti ya leseni yenu.

Mwambao_Kilifi

Habari wanajamii. Naongeza mawili kutoka upande wa Kenya.

Huku kwetu kanuni za vipindi za Mamlaka ya Mawasiliano zinataka kati ya saa 11 alfajiri na saa 4 usiku pasiwe na maudhui yasiyofaa watoto. Ratiba kama yenu yote ingeangukia ndani. Kwa redio ya maneno hilo lina uzito kuliko ya muziki, kwa sababu mada za ndoa na magonjwa ndizo zinazojaza simu. Someni za TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya Tanzania, kabla ya kupanga mada.

La pili ni mjadala wa simu. Msiunganishe simu zinazoingia moja kwa moja. Mtu mmoja apokee nje ya hewa, aandike jina, mahali na hoja kwa mstari mmoja, kisha kituo kimpigie. Inagharimu salio, lakini mnajua mnayemweka hewani. Sekunde 90 kwa kila mtu, simu tano au sita kwa nusu saa. Anayetaka kumtaja mtu kwa jina na kumtuhumu arekodiwe, asiende mubashara, hadi anayetajwa apate nafasi ya kujibu. Na aambiwe azime redio yake kabla hajaunganishwa, isitoke hewani ikivuma.

MawimbiTanga

Nashukuruni sana, hii rasimu tunaivunja na kuianza upya. Mawili yamebaki. Taarifa ya bahari tuisome vipi, na ina maana kuisoma saa 12 asubuhi ikiwa ngalawa zimeshatoka? Na Magharibi inatuvurugia ratiba, sembuse Ramadhani.

Mhariri wa Zamu

Magharibi kwanza. Mwambao wa Tanga jua huchwa mapema zaidi Oktoba na kuchelewa zaidi Februari, tofauti ya takriban nusu saa. Kipindi kinachotangulia adhana kisiwe cha kurekodiwa chenye urefu maalumu. Kiwe mubashara unaoweza kufungwa kwa sentensi moja, ndiyo maana niliweka michezo na halmashauri pale. Idhaa ya nje haiwasubiri, kwa hiyo ikigongana na adhana, irekodini na kuirusha baadaye kama mkataba unaruhusu.

Ramadhani tengenezeni ratiba kamili ya mwezi, msibandike viraka. Fungueni saa 10 alfajiri kwa daku. Mjadala wa simu utoke saa 4 asubuhi uende baada ya tarawehe. Saa 10 hadi 12 jioni jikoni kuna kazi na redio iko wazi, hapo ndipo pa makala mpya. Baada ya futari robo saa ya sauti moja inatosha.

Bahari: mko sahihi. Wanaotoka na umande alfajiri wameshaondoka saa 12. Kisomo kikuu kiwe saa 2 usiku baada ya habari, na cha kufunga kabla ya saa 4. Cha asubuhi ni kwa wanaotoka mchana na kwa familia. Kama mnaweza kuwasha mtambo saa 10 na nusu alfajiri kwa kisomo tu kilichorekodiwa usiku, kitasikilizwa kuliko vipindi vingi vya mchana.

Mpangilio usibadilike hata siku moja, ili sikio lijue nini kinakuja: tahadhari kwanza kama ipo, kisha eneo, upepo unatoka wapi na kasi yake, urefu wa mawimbi kwa mita, mvua, mwisho maji kujaa na kupwa. Mamlaka ya Hali ya Hewa hutaja mikoa ya Tanga, Dar es Salaam, Pwani pamoja na Mafia, Lindi na Mtwara, na visiwa vya Unguja na Pemba. Ninyi someni Tanga na Pemba kwa ukamilifu, nyingine kwa mstari mmoja. Maji hujaa mara mbili kwa siku, kama saa 12 na dakika 25 kati ya moja na nyingine, na kila siku huchelewa takriban dakika 50. Msikadirie hewani, someni kwenye jedwali la maji la bandari iliyo karibu. Jedwali huwa na saa za kizungu: andikeni upya kwa saa za Kiswahili kabla ya kuingia studioni, msomaji asigeuze kichwani akiwa hewani, maana hapo ndipo 10:00 ya jedwali, ambayo ni saa 4, inaposomwa saa 10. Someni kwa mwendo wa kusoma imla, maneno 80 kwa dakika, bila mlio wowote chini yake.

Tahadhari ikitoka katikati ya siku, haisubiri ratiba. Ikatishe kipindi chochote kilichopo, isomwe mara mbili, kisha irudiwe kila nusu saa hadi Mamlaka waiondoe. Na wakiiondoa, semeni hivyo hewani siku hiyohiyo.